Shimo Lililofunguliwa Siku ya Tatu

Kitenge nilichovaa kwenye matanga ya mjomba bado kinaning'inia nyuma ya mlango. Sijakifua. Si kwamba sina sabuni. Kila nikikisogelea na beseni nasikia harufu ya moshi na ndizi mbivu ikitoka kwenye pindo lake, nami naliweka beseni chini. Wanangu wanadhani ni majonzi. Ni majonzi, sikatai, lakini mara nyingine wananikuta nimesimama nyuma ya ule mlango nacheka peke yangu, na mkubwa wao ameanza kuniuliza kama nimekula.

Harufu hiyo naijua tangu nina miaka saba. Tulikuwa tunakaa Kasulu mjini wakati huo, baba akiwa dereva. Nilikuwa na mdogo wangu, Yohana, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti. Akaugua homa. Siku moja nikapelekwa kwa jirani kula chapati, na haikuwa Krismasi wala Pasaka. Nilikula nne. Niliporudi nyumbani Yohana hakuwapo, kigodoro chake hakikuwapo, na watu wazima walikuwa wamekaa chini wakinitazama. Nikauliza yuko wapi. Shangazi mmoja akanisukumia sahani.

"Hayo si mambo ya watoto. Kula."

Nikala tena. Basi hilo ndilo nililojifunza: mtu akiondoka, watoto hulishwa, na hakuna anayelia mbele yao.

Mama aliacha kuzungumza kwa muda. Ndipo ikaamuliwa niende kwa mjomba, upande wa Kibondo, kwenye vilima vinavyoelekea Mabamba. Mjomba Nyandwi alikuwa kitinda mimba kwao, ndugu yake mama wa mwisho, bado hajaoa, na shamba lile alilitunza pamoja na bibi. Alikuwepo pia Felista, binamu yangu wa miaka tisa, ambaye bibi alikuwa anamlea. Mjomba alinipokea Kibondo stendi, akanipakia nyuma ya baiskeli juu ya gunia la chumvi, akaniambia nikiona tunaanguka nirukie upande wa majani.

Tulipofika, bibi alitoka ndani na kiko mdomoni. Wazee wa kwetu, wenye asili yao, hawasalimii kwa mkono na kupita. Huinama, hupiga makofi polepole, huuliza umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, na kila jibu hupigiwa makofi mengine. Mimi mtoto wa mjini sikuwahi kuliona jambo hilo likielekezwa kwangu. Shuleni kwetu makofi yalipigwa kwa mtoto aliyepata hesabu zote. Nikajua nimefanya vizuri kufika salama. Nikainama kama tulivyofundishwa, nikaimba wimbo wa shule beti zote mbili. Bibi akabaki ameshikilia viganja hewani.

"Mama," mjomba akasema, "Kasulu ndivyo wanavyosalimiana siku hizi."

"Basi mwache amalize," bibi akasema, akaendelea kupiga makofi mpaka nikamaliza.

Nilimpenda bibi tangu saa ile. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na mtu wa kusikia baridi upesi. Asubuhi kule ukungu unalala kwenye migomba mpaka jua lipande sana, na bibi alikuwa anatoka na mkeka wake wa zamani, anautandika ukutani upande wa jua, anajikunja pale na kiko chake akilalamika kwamba mifupa yake imelowa. Mimi nilikuwa nakaa naye, napashwa joto na mgongo wake, tukisikia harufu ya mihogo iliyolowekwa na ya mawese jikoni. Usiku tulilala kitanda kimoja. Miguu yake ilikuwa kama vyuma vya baiskeli alfajiri, na kazi yangu ilikuwa kuipasha.

Sasa niwaeleze habari ya mjomba, maana ndiye aliyekuwa na shida, na mimi sikuijua. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda Mabamba kumposa binti anaitwa Dafroza. Kwetu huendi kuposa mikono mitupu. Unakwenda na pombe ya ndizi, na pombe hiyo ndiyo inayokusemea. Mzee wa nyumba ananyonya kwa mrija, na kwa funda lile la kwanza anajua shamba lako, bidii yako, na kama una uchoyo. Baba yake Dafroza alinyonya. Akautoa mrija, akauchungulia kwa jicho moja kama umeziba, akaurudisha, akanyonya tena. Kisha akasema kwa upole mbele ya ukoo mzima:

"Maji haya ni mazuri. Pombe yake mtaileta lini?"

Mjomba aliitia maji mengi ili watu wote washibe. Alifanya kwa roho nzuri. Lakini tangu siku hiyo kijiji kizima kilimwita Maji Mazuri, hata watoto wa shule. Na huko Mabamba akatokea kijana wa Kibondo mjini, mwenye redio ya kaseti, akawa anapita kwa akina Dafroza kila wiki akiwasha muziki. Baba mtu akatuma neno: Nyandwi ana nafasi moja tu iliyobaki. Akileta maji tena, binti anafuata redio.

Hayo yote niliyajua baadaye. Safari ya posa haitangazwi, kwa sababu ukiitangaza wenye midomo wanafika kabla yako. Kwa hiyo Ijumaa moja, kabla ya jogoo, bibi aliondoka kimya kwenda kwa dada yake Mabamba, ili wazungumze na wakwe na kupanga siku. Kiko alikiacha, kwa kuwa si heshima kuvuta mbele ya watu unaowaomba binti. Felista aliambiwa afunge mdomo. Mimi sikuambiwa chochote.

Niliamka nikakuta upande wa bibi kitandani ni baridi. Nikatoka. Ukutani jua limefika na bibi hayupo. Mkeka haupo. Kiko kiko pale kwenye ufa wake, nami sikuwahi kumwona bibi akitengana na kiko hata kwenda chooni. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama kati ya mihogo, na hapo nikamwona mjomba na jirani yetu, Baba Stefano, wakitoka kwenye migomba. Walikuwa wamebeba mti mrefu mabegani, mmoja mbele mmoja nyuma. Katikati kilining'inia kitu kizito, kimefunikwa na mkeka wa bibi.

Watu wa rika langu wa kule mnakumbuka mgonjwa au maiti alivyokuwa anabebwa hivyohivyo enzi hizo.

Walikuwa wamechimba shimo pembeni ya migomba. Limetandikwa majani makavu vizuri, kama kitanda. Walikishusha kile kitu humo kwa uangalifu, wakirekebisha huku na huku, na mjomba akisema, "Taratibu, taratibu, nikipata doa moja nitakudai wewe." Kisha majani juu, kisha mkeka, kisha udongo. Walipomaliza, mjomba aliukanyagakanyaga ule udongo kwa miguu yote miwili, akipiga mluzi wimbo wa kanisani.

Leo kila msomaji ameshajua kilichokuwa mle. Shimo lile kwetu linaitwa urwina, ndimo zinamovundikwa ndizi za pombe mpaka ziive zote kwa pamoja. Mkeka ulifunika mikungu ili wapita njia wasijue kuna posa. Lakini mimi wa mjini ndizi nilizijua sokoni tu, zikiwa tayari za njano. Nilidhani zinazaliwa hivyo.

Kilichofuata kilinichanganya. Ubavuni mwa shimo waliacha tundu, wakawasha moto wa majani na mavi ya ng'ombe, mjomba akapiga magoti akaanza kuupuliza moshi uingie ndani. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Hapo roho yangu ililainika kidogo. Nikasema mjomba ni mtu mwema, anajua mama yake hapendi baridi.

Mchana tulikula ugali na maharage. Nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyelia.

"Mjomba, bibi yuko wapi?"

Mjomba na Felista walitazamana.

"Hayo si mambo ya watoto," mjomba akasema. "Kula."

Basi. Sikuwa na swali lingine. Nilikula, ila tonge la mwisho nililifinyanga kubwa, nikalificha kiganjani. Jioni nililipeleka kwenye tundu la moshi, nikaliweka juu ya kipande cha jani la mgomba, na maharage machache. Nikamwambia bibi kwamba ni chakula, na kwamba miguu yake nitaipasha akirudi. Udongo ulikuwa wa joto chini ya mikono yangu. Nikarudi kulala peke yangu.

Asubuhi ya Jumamosi jani lilikuwa limelambwa, safi, linang'aa.

Naomba mnielewe. Kulikuwa na mbwa pale nyumbani, mweusi, jina lake Askari, na mbwa yule alikuwa anakula hata kandambili. Lakini mtoto wa miaka saba akiona sahani tupu mbele ya mtu aliyemwekea chakula, hamfikirii mbwa. Nilijua bibi amekula. Na kama amekula, yu hai. Na kama yu hai, basi wamemfukia kwa makosa, au kwa haraka, na yuko mle gizani anasubiri mtu mwenye akili. Mchana nikampelekea tena, safari hii na dagaa. Jioni pakawa safi. Nikajaribu kumwambia Felista.

"Bibi amekula dagaa wangu."

"Bibi gani?"

"Bibi yetu. Yule wa shimoni."

Felista alinitazama kwa muda mrefu. Angeweza kuniokoa kwa sentensi moja. Lakini alikuwa ameagizwa asitaje habari za bibi, na pia, alivyoniambia mwenyewe tukiwa watu wazima, alitaka kuona nitafika wapi.

"Usimwambie mjomba," akasema kwa sauti nzito. "Atakutia na wewe."

Jumapili walikwenda kigangoni kwa ibada. Mimi nilisema tumbo linaniuma, na huo ulikuwa ukweli, maana nilikuwa sijala vizuri siku mbili kwa kugawana na mtu wa chini ya ardhi. Walipotokomea njiani nilichukua kijembe cha Felista cha kupalilia, nikaenda shimoni.

Udongo wa juu haukuwa mwingi. Nilichimba nikimwita bibi taratibu ili asishtuke. Nikafika kwenye mkeka. Nikauvuta, nikapasua majani, na moshi uliokuwa umefungwa siku zote zile ukanipanda usoni pamoja na harufu ile ninayoisikia hivi sasa nyuma ya mlango. Nikafumba macho, nikaingiza mkono mpaka begani, nikapapasa. Nikagusa kitu laini, cha joto, kilichopinda kidogo. Kidole. Nikakishika kwa nguvu, nikasema, "Bibi, ni mimi, shika," nikavuta.

Kikatoka kidole kimoja cha ndizi.

Nilikitazama. Nikaingiza mkono tena, nikatoa kingine. Nikaingia shimoni mzima-mzima, nikawa natupa nje vichane kwa vichane, mikungu kwa mikungu, nikitafuta mpaka chini kabisa, na kote hakuna bibi, ni ndizi tu, za juu za njano, za chini za kijani. Nikakaa humo nimechoka, nimejaa masizi. Na kwa kuwa nilikuwa na njaa, nikamenya moja nikala. Ilikuwa tamu. Nilipofika katikati ndipo wazo likanijia kwamba bibi alikuwamo humu, na sasa humu mna ndizi, na sijui nimemla sehemu gani.

Nililia kwa sauti ambayo watu wa kule ng'ambo ya bonde walisema waliisikia.

"Nani anamlilia nani hapo?"

Nikainua uso. Ukingoni mwa shimo alisimama bibi, fimbo mkono mmoja, kuku wa kupewa na wakwe kwapani, miguu imejaa vumbi la njia ya Mabamba.

Nilipanda kutoka shimoni nikamshika miguu. Ilikuwa ya joto. Bibi akamtua kuku, akakaa chini palepale kwenye udongo, akanisikiliza nikimweleza kila kitu, tangu mti mrefu mpaka dagaa. Aliuliza maswali machache tu.

"Huo ugali ulioniletea, maharage yalikuwa na chumvi?"

"Yalikuwa nayo, bibi."

"Vizuri."

Kisha akaweka mkono wake juu ya kichwa changu. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kwamba mtu anafukiwa kimya bila kulia. Nikamwambia habari ya chapati nne. Nadhani hakuwa anaijua.

"Yohana amekufa, mwana wanje, mwanangu," akasema. "Kalazwa Kasulu, nyuma ya kanisa, kwenye msalaba mdogo. Mama yako alilia sana, ila wewe ulikuwa kwa jirani. Aliye chini hachimbuliwi. Ungeniuliza mimi ningekuambia. Na nikifa mimi nitakuambia kwanza."

Alikuwa mtu mzima wa kwanza kulisema lile neno mbele yangu. Nikalala kwenye mapaja yake nikalilia ndugu yangu kwa mara ya kwanza, mdomo ukiwa bado na ndizi.

Tulikuwa bado tumekaa pale nilipomsikia bibi akivuta pumzi. Alikuwa anatazama shimo. Nami, kwa uso wake, nikaanza kuelewa kwamba nimeharibu kitu. Ndizi za pombe hukaa siku tano. Ukizifungulia hewa kabla, za juu zitakuwa zimeiva na za chini zitabaki ngumu kama kuni, hata uzirudishe na moshi wa dunia nzima. Na bibi alikuwa anarudi na habari kwamba wakwe wamekubali, pombe iletwe Alhamisi. Hakukuwa na muda wa shimo jingine. Wala hazikuwapo ndizi nyingine.

Mjomba alitokea njiani na shati lake jeupe la kigangoni, Felista nyuma yake. Aliona mikungu imetawanyika. Alisimama, biblia mkononi, mdomo wazi, na kwa kweli sijaona tena mwanamume akiishiwa damu usoni namna ile.

"Nani?" akauliza. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

Mimi nilifungua mdomo. Bibi akanibana kwa kiwiko.

"Ni mimi," akasema.

"Mama?"

"Nimefungua mimi. Nilitaka kuona."

"Mama, siku ya tatu! Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha siku tano! Nitapeleka nini Mabamba? Nitapeleka nini?"

"Utapeleka pombe," bibi akasema, akanyoosha mkono kwa Felista. "Niletee kiko changu."

Mama hakaripiwi. Mjomba alikwenda akakaa nyuma ya zizi mpaka jioni. Baba Stefano alipita akaangalia shimo, akatikisa kichwa, akasema, "Maji Mazuri, safari hii hata maji hutapata."

Kesho yake bibi alichagua ndizi zilizoiva, ambazo hazikufika nusu, nyingine wakapewa mbuzi. Tukazimenya, zikakamuliwa kwa majani kwenye mtumbwi wa mti, mimi na Felista tukiokota maganda. Maji yake yalitoka kidogo, mazito, yananata kwenye vidole. Mjomba alipochukua ndoo ili aongeze maji, bibi akaweka mguu wake mbele ya mtungi.

"Hata kikombe."

"Mama, hii haitoshi mtungi mmoja! Watu ni ukoo mzima!"

"Walioshiba mwaka jana walikupa mke?"

Akatia mtama uliokaangwa, akafunika. Na kwa kuwa walikamua mapema, pombe ile ikalala mtungini usiku mmoja zaidi ya kawaida.

Alhamisi sikwenda Mabamba, kwa hiyo yaliyotokea huko nayasema kama nilivyosimuliwa na mjomba, mara mia na zaidi. Alisema alikwenda kama mtu anayepeleka maiti. Mtungi mmoja, mdogo, na watu zaidi ya ishirini wanasubiri. Baba yake Dafroza akapewa mrija. Akanyonya. Akautoa, akauchungulia kwa jicho moja. Mjomba akasema moyoni, basi, redio imeshinda. Mzee akaurudisha mrija, akanyonya kwa muda mrefu, akafumba macho. Akasema, "Ee." Akanyonya tena. Akamwita kaka yake aje aonje, kisha akajuta kumwita. Kabla jua halijashuka alikuwa anamwita mjomba "mwanangu" na anatafuta kofia yake huku ameivaa. Alipokumbushwa habari ya kijana wa redio alisema betri huisha.

Hivyo ndivyo Dafroza alivyokuja kuwa mke wa mjomba wangu. Mimi namwita Mama tu.

Ingeishia hapo ningekuwa na dhambi ndogo. Lakini mjomba alikuwa mtu wa kutafakari. Alitafakari usiku kucha, na asubuhi akatoka na jawabu: siri ni siku ya tatu. Vizazi vyote vilikuwa vinakosea kungoja siku tano, na mama yake, peke yake, ndiye aliyeona mbali. Akaenda kumwomba radhi bibi kwa goti. Bibi akampokea, akavuta kiko, akanitazama juu ya kichwa cha mwanawe bila kupepesa jicho.

Tangu hapo mjomba hakufungua shimo siku nyingine yoyote. Kila safari nusu ya ndizi zilikuwa ngumu, nusu wanakula mbuzi, pombe kidogo lakini ya kuangusha mzee. Sifa ikaenea. Wanawake walikuja kutoka vijiji vya mbali kumuuliza bibi alijuaje, naye aliwajibu, "Ni mkono tu." Baba Stefano alijaribu nyumbani kwake, ila yeye akaongeza maji, akapata aibu. Hata katekista alimwonya mjomba kwamba akisema "siku ya tatu" asiwe anatabasamu namna ile mbele ya Wakristo.

Bibi alifariki nikiwa darasa la saba. Hakuweza kuniambia kwanza kama alivyoahidi, lakini mama yangu mzazi alikuja shuleni mwenyewe, akanishika mikono, akaniambia kwa maneno yale yale, amekufa. Tukabaki mimi na Felista tu na ile siri, nilivyodhani.

Nilikusudia kumwambia mjomba. Mwaka huu alipolazwa nilipanda gari kutoka Kasulu nikiwa nimeshapanga maneno. Nikamkuta amekonda, ana mipira puani, na amemshika mkono muuguzi, kijana wa watu kutoka mkoa mwingine, anamweleza kwa sauti ya mkwaruzo: "Wanakudanganya siku tano. Siku ya tatu! Mama yangu ndiye aliyegundua." Aliponiona akasema, "Mpwa wangu huyu alikuwapo. Muulize."

Muuguzi akanitazama.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwapo."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho yenye maana kwa mjomba. Siku nne baadaye tulimzika nyuma ya migomba yake. Watu walilia kwa sauti, na watoto wote niliwaita mimi mwenyewe wasogee waone.

Kesho yake Mama Dafroza alivundika ndizi za pombe ya kuondoa matanga. Ilipofika siku ya tatu, ubishi ukaanza. Baba Stefano, ambaye sasa hana jino hata moja, aligonga fimbo chini. "Mwenyewe hayupo tena kutulazimisha. Ngojeni siku tano, jamani, walau mara moja ndizi zote ziive!" Wazee wengine wakaunga mkono. Mama Dafroza hakubishana. Alichukua jembe, akapita katikati yao, akaja mpaka nilipokaa na wanawake wenzangu, akanipa mpini.

"Inuka ufungue."

"Mimi, Mama?"

"Si ndiye uliyeanza?"

Nilihisi masikio yanawaka kama nina miaka saba. Nikamuuliza kwa kunong'ona amejua lini.

"Juma la kwanza nilipoingia jikoni kwa mama mkwe. Alinihadithia, akacheka mpaka kiko kikamdondoka."

"Na mjomba? Hamkumwambia?"

"Mwanamume amepata sababu ya kumsifu mama yake kila siku ya Mungu," akasema, "nimnyang'anye ya nini?"

Nikaenda shimoni. Kaburi jipya lilikuwa hatua chache kutoka hapo, udongo wake mwekundu bado haujakauka. Nilichimba polepole, nikavuta mkeka, nikapasua majani, na moshi ukanipanda kwenye kitenge na usoni. Nilijua kabisa nani yuko wapi. Hata hivyo nilifumba macho, nikaingiza mkono mpaka begani, nikapapasa.